Chumvi ya Bahi, Chumba Namba 14

Blanketi la dirishani nimelipigilia misumari mwenyewe.
Agosti hii upepo wa Dodoma unapenyeza vumbi
hata kwenye tundu la funguo.
Vumbi nalivumilia. Mwanga, hapana.

Mezani, kati ya vibanio viwili vya shaba,
punje ya chumvi, upana wa ukucha.
Mama aliikwangua mbugani Bahi maji yalipokauka,
akaichuja, akaichemsha kwa kuni za mgunga.
Mimi nikaiyeyusha upya, nikaiotesha taratibu iwe jiwe,
nikaipika ndani ya mvuke wa sodiamu,
ikatoka na rangi ya asali ya Itigi.

"Sasa hiyo italiwa na nani?" Mama aliuliza kwenye simu.

Hailiwi, Mama. Ndani yake mna vyumba vilivyohamwa:
mahali pa klorini, klorini haipo,
na katika kila chumba elektroni moja imejibanza,
mpangaji asiye na mkataba,
hana pa kwenda, hana anayemdai.
Rangi unayoiona ni yeye, alivyokwama.

Betri zimepangwa foleni, volti mia mbili.
Gizani sindano imelala.
Namulika taa nyekundu: imelala.
Naongeza nyekundu, chumba kizima kinakuwa machinjio:
fofofo.
Kisha kipande cha chupa ya buluu mbele ya tochi,
mwanga usiotosha hata kusomea barua,
na sindano
inaamka.
Debe la nyekundu halikufua dafu;
kijiko cha buluu kimewatoa watu nje.

Ndahani, mwanafunzi wangu, anaandika namba kwa penseli,
anahesabu sekunde kwa Kigogo.
Nafunika tochi. Sindano inashuka, ila si papo hapo;
wapo wanaochelewa kupata pa kulala.

Saa nane umeme ukakatika mlima mzima.
Feni kimya. Kompyuta kimya. Ndahani akacheka:
betri zetu hazikuwa na habari.
Nikang'oa msumari mmoja, kona ya blanketi ikaanguka,
jua likaingia na vumbi lake,
sindano ikagonga ukingo wa kipimo, tik,
ikang'ang'ania pale pale.

Tulipotazama, asali ilikuwa imepauka.
Kila tukiiuliza inatoa kitu,
na kitu hicho hakirudi chote.

Jioni nikampigia Mama, nikamwambia imepitisha umeme.
Akanyamaza kidogo.
"Huku hatuna tangu Jumanne," akasema.
"Ungeileta."