Lumbesa

Mimi kazi yangu ni kupima.
Soko la Kibaigwa, lango la pili, mizani ya chuma
ambayo ikiwa tupu husoma kilo mbili.
Nimeripoti halmashauri mara tatu. Wameandika.

Jumanne ile mahindi yalikuwa haba, maneno tele.
Redio ya mama ntilie ikasema yule rais wa zamani
ametimiza miaka themanini, leo anasifiwa bungeni;
kisha, kwa pumzi hiyohiyo, vita vimewaka tena ng'ambo ya ziwa,
na wakubwa wanatafutana:
nani aongoze jeshi la kwenda kuzima?

Ndahani akaweka kikombe chini.
Sajenti mstaafu, siku hizi mnunuzi wa alizeti.
"Yule mzee alikuwa kiongozi! Alitwambia,
nyumba ya jirani ikiungua hungoji barua ya kuombwa ndoo.
Tukavuka. Siku kumi na tisa.
Kina mama wa kule walitutandikia kanga barabarani.
Leo mnangoja wageni waje waongoze kwa ramani?
Ramani haijui mto upi hukauka Septemba."

"Pima vizuri, Sajenti."
Huyo Chidawali, mbeba magunia,
mgongo mmoja kwa mizigo na madeni.
"Umepima kanga, pima na sabuni:
miaka mitatu ya foleni, kipande kwa kaya.
Pima darasa letu lililokosa bati
mpaka mvua ikahitimu la saba.
Sifa za wakubwa mnazijaza lumbesa,
gunia limefura, mnalishonea na kofia juu,
halafu uzito tunabeba sisi."

Watu wakacheka. Ndahani hakucheka.

Mheta, dereva wa Fuso, akadakia kutoka dirishani:
"Aongoze mwenye ndege! Vita si mnada wa mbuzi."
"Mwenye ndege huondoka na ndege yake," akajibu Sajenti.
"Jirani hana pa kuondokea."
"Na jirani akinogewa? Akikaa miaka mitano
akaanza kuvuna shamba la mwenye msiba?"
"Basi uongoze umoja wa nchi zote."
"Umoja uko kikaoni. Ukitoka utakuta majivu,
utayapigia kura."

Mimi nilinyamaza. Mpima hana upande.
Lakini nilikumbuka nikiwa darasa la nne,
saa nne juani, bendera ya karatasi mkononi,
gari lake likapita, kioo kimeshushwa,
akanipungia mimi.
Naapa, mimi.
Tulikuwa arobaini, na wote arobaini tunaapa hivyo
hata leo.

Sechelela alikuwa chini, kati ya miguu yetu,
akifagia punje zinazomwagika, ndiyo riziki yake.
Mwanawe Elieza alikwenda na kofia ya buluu.
Hakuinua kichwa.

"Mnagombania wa kutangulia," alisema.
"Mwanangu hakutangulia. Alikuwa gari la nne.
Mimi nauliza wa mwisho.
Siku ya kurudi, nani anasimama mlangoni na daftari
akihesabu mmoja mmoja, asiyefunga lango
mpaka hesabu itimie?
Huyo akipatikana, hata awe mtoto wa shule,
aongoze."

Redio ilikuwa imehamia mpira.
Ndahani alitazama ndani ya kikombe kama kuna kitu kimezama.
Chidawali akasema, "Mama," kisha basi.
Likaingia lori la Kiteto, honi, vumbi,
na kabla turubai halijafunuliwa
nikawasikia wameanza upya:
ndege, jirani, sabuni, kanga.

Jioni Sechelela alileta kiroba chake.
Nikakiweka. Kilo tano.
Nikashika kalamu nitoe mbili za mizani, kama kawaida,
akanizuia kwa kiganja chenye pumba.
"Leo usizitoe."

Nikaandika tano.
Nyuma yake walikuwepo wengine kwenye foleni.