Kiini cha Bamba

Lilifika Kizota limelala juu ya lori
kama ng'ombe aliyeshiba, unene milimita themanini,
na Ndahani akaligonga kwa funguo za ofisi:
"Sikia hilo! Hili halivunjiki hata kwa kiama."
Cheti kilisema vivyo hivyo, kwa muhuri wa buluu.

Mimi sibishani na mihuri. Mimi nakata.

Sampuli ya kwanza niliitoa karibu na ngozi:
kijiti kifupi kuliko kidole, chenye chale ubavuni.
Nikakizamisha katika spiriti ya baridi,
nyuzi ishirini chini ya sifuri, nikaachia nyundo.
Ikashuka, ikakivunja kwa taabu,
ng'ambo ya pili ikapanda kidogo tu.
Kwetu habari njema ni nyundo iliyochoka.
Jouli mia na arobaini. Ndahani akaagiza soda.

Nikasema, bado moyo.

"Moyo gani, Sechelela? Chuma ni kimoja."

Ni kimoja, ndiyo. Na ugali ni mmoja,
lakini mtoto mwenye pupa anajua
pembeni umepoa, katikati unababua ulimi.
Bamba nene likitoka kwenye rola likiwa jekundu
maji huipiga ngozi, ngozi ikashtuka,
punje zake zikabaki ndogo kama uwele.
Ndani joto linakaa, halina haraka na mtu,
na punje zilizopewa joto na muda hulana:
kubwa humeza ndogo, mpaka zinakuwa kokoto.

"Na ukubwa una ubaya gani?"

Fikiria ndama aliyekata kamba.
Shamba likiwa moja, pana, atalivuka mbio.
Yakiwa vijishamba, kila hatua kumi uzio wa minyaa,
atasimama, atageuka, atatafuta mwanya,
atachubuka mbavu, ataishiwa pumzi
kabla hajaiona barabara.
Ufa ni ndama huyo. Mpaka wa kila punje ni minyaa.

Nikatoboa hadi kiini. Vijiti vitatu.
Nyundo ilipita kama mtu kwenye mlango uliosahauliwa wazi,
ikapanda, nyepesi, karibu irudi kimo ilikotoka.
Kumi na moja. Tisa. Kumi na nne.
Mivunjiko ilimeta kama chumvi ya mawe,
mizuri kuitazama.

Soda ya pili haikuagizwa.

"Lakini hapa Dodoma," akasema taratibu,
"baridi hiyo tutaitoa wapi?"

Bamba lilikuwa la sikio la kunyanyulia mizigo, Ihumwa.
Nikawaza alfajiri ya Julai, upepo ukitoka Kongwa,
vijana wamejifunga vitenge shingoni,
tani arobaini zikining'inia.
Nikapima kwa baridi yetu wenyewe, nyuzi kumi juu ya sifuri.
Ishirini na mbili.
Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Tukalipeleka kwenye tanuri la Mnyambi,
likakaa hadi moyo nao ukawa mwekundu,
kisha tukalinyanyua juu ya vigingi
upepo upite chini na juu, bila maji, bila pupa.
Humo punje za zamani hufa,
mpya huzaliwa nyingi kwa mara moja,
zikabanana, isipatikane ya kunenepa.
Bahati nzuri waliolimwaga walitia alumini kidogo,
inayokaa mipakani kama mgambo.
Usiku kucha tulilisikia likilia, tik, tik,
Mnyambi akisinzia juu ya gunia la mkaa.

Kiini kilitoa sitini na moja, kwa ile baridi ya kwanza.
Mvunjiko ulikuwa wa kijivu, wenye nyuzi,
kama katani iliyokatwa kwa kuvutwa.
Hauna mng'ao. Huwezi kumwonyesha mgeni.

"Kwenye ripoti niandike mia na arobaini
au sitini na moja?"
Sikumjibu. Nilikuwa naosha spiriti mikononi.

Akaandika mwenyewe, kalamu ikikwaruza.
Kile kipande kinachometa kiko mezani kwake mpaka leo:
amekilaza juu ya cheti chenye muhuri wa buluu,
karatasi isipeperushwe.