Tungamo

Stakabadhi za soko la Kibaigwa zimechapwa UZITO,
kistari, halafu kilo.
Mwaka wa kumi na tisa huu najaza pale kwa kalamu ya buluu.

Jumamosi Damari, wa darasa la saba, kaniletea uji,
kasoma juu ya bega langu, kacheka:
"Baba mdogo, mmekosea. Kilo ni za tungamo.
Uzito ni dunia inavyokivuta kitu,
hupimwa kwa niutoni."
Nikamwambia wanunuzi hawana niutoni mfukoni.

Lori la Gairo likarudi kinyumenyume.
Ndahani akainamia gunia la lumbesa, kilemba kimeshonwa kwa kamba,
shingo ikazama mabegani kama ya kobe.
Basi kile kilichomzamisha ndicho uzito:
udongo wa Kongwa unadai mahindi yake yarudi.
Tungamo ni mahindi yenyewe.
Damari anasema ukilifikisha mwezini
Ndahani atalibeba kwapani kama mkeka,
na punje haijapungua hata moja.
"Hata lumbesa?"
"Hata lumbesa."
Ndahani akafuta jasho. "Basi huko na ujira watakata."

Jumatatu nikampeleka mama Mvumi.
Mizani ya wodi ni ya kusimamia, rangi imebanduka
pale nyayo zinapokaa.
Thelathini na nane. Mwezi wa pili ilikuwa arobaini na tano.
Muuguzi akaandika: uzito umepungua.
Nilitaka kumsahihisha, kwa ulimi wa Damari:
dunia haijalegeza mkono, dada,
inamvuta vilevile ilivyomvuta
akitwanga uwele na mimi mgongoni.
Kilichopungua ni yeye.

Njia nzima nililichambua neno lile
kama mtu achambuaye mlenda, jani na kijiti.
Mna kutunga, shanga na uzi.
Mna mimba inapotunga, kabla hata mwenyewe hajajua.
Mna kutungamana, vitu vilivyokubali
kuwa kitu kimoja, kwa muda.

Kibaigwa nilimshusha kwa mikono, sikungoja kiti.
Ndahani alikuja kupokea upande wa miguu.
"Mwepesi," alisema,
mtu ambaye hajawahi kulitumia neno hilo sokoni.

Leo asubuhi, stakabadhi ya kwanza.
UZITO, kistari.
Kalamu ninayo. Gunia liko juu ya mizani, mshale umetulia,
na nyuma yake foleni inaniuliza nimelala au vipi.