Mlango Upande wa Pili

Mfuko wa saruji una matabaka.
La nje nimewashia jiko. La ndani,
lisiloguswa na vumbi, nimelikung'uta, nimelinyoosha,
nimelisugua nta ya Sikonge upande mmoja
mpaka likang'aa kama paji la mtoto aliyepakwa mafuta.

Ukiliweka juu ya kitambaa, nta chini,
ukapitisha pasi ya mkaa (pole, ila usikawie)
linashika. Si kwa gundi, si kwa pini.
Linashika kama mgeni ashikavyo kiti:
akiambiwa ainuke, anainuka,
na kiti kinabaki na joto lake kidogo.

Leo nashona nyumba.
Namba kumi na saba, kota za reli, Tabora:
bati la mgongo mmoja, dirisha moja la mbele,
mlango wa mninga, kulia.
Walipoivunja nilikuwa Urambo, kwenye mazishi ya mtu mwingine.

Paa ni suruali ya kaki ya baba,
Mayunga wa breki, aliyenukia grisi hata siku ya Idi.
Kuta ni kanga ya mama, ile ambayo maneno yake
yalikwisha kwa kufuliwa, likabaki neno moja: LAKINI.
Nimelipimia likae chini ya dirisha.
Dirisha ni bitana ya njano, maana kandili yetu
haikuzimwa kabla treni ya Mpanda haijapiga honi.

Karatasi ndiyo kipimo. Kitambaa hukatwa kikubwa zaidi,
robo inchi kila upande, ya kuliwa na mshono.
Kalunde, mjukuu wangu, akauliza
hiyo robo inaenda wapi.
Inaenda ndani, nikamwambia. Haionekani, ila ndiyo inayoshikilia.
Akanikazia macho kama aliyetegewa kitendawili.
Hakuna kitendawili. Shona bila robo inchi,
kisha ufue, uone.

Dirisha na ukuta, ukuta na mlango,
paa juu, pembe kwa pembe
(mara mbili nimefumua, mara moja nimetukana),
nikabandua karatasi moja moja,
zikatoka nzima, na ndevu mbili tatu za uzi.
Nikageuza kazi, nikaitandaza magotini.

Mlango uko kushoto.

Nikakumbuka, nimechelewa kukumbuka:
karatasi hubandikwa mgongoni mwa kitambaa,
kwa hiyo mchoro huchorwa kinyume,
kama jina linavyosomeka kwenye kioo.
Miaka thelathini na moja ya cherehani, na nimesahau hilo.

Nikachukua wembe wa kufumulia.
"Bibi," akasema Kalunde, karanga mdomoni,
"mbona nyumba imekaa sawa tu."
"Mlango ulikuwa kulia."
"Kulia kwa nani?"

Kulia kwa anayekuja, nikataka kusema.
Kulia kwa mkaguzi wa kota, kwa muuza asali,
kwa yule aliyeleta barua ya kutuhamisha,
kwa tingatinga.
Lakini mimi sikuwa nakuja. Mimi nilikuwa ndani,
mkekani, nina homa, ubavu kwa ubavu na dada yangu Nyanzala,
nautazama ukuta wa mbele mpaka kukuche,
na mwanga wa kwanza ulipita chini ya mlango,
kushoto.

Nimerudisha wembe ndani ya kopo.
Karatasi nimezipanga chini ya godoro, zilale bapa.
Nta bado ipo, zitatosha nyumba nyingine tano au sita.
Kalunde anataka ya kwake iwe na baiskeli
imeegemea ukutani.
Sijui baiskeli inakatwaje.