Pishi Mbili za Shayiri

Kazi yangu kongamanoni ilikuwa kadi tatu:
ya kijani, dakika tano; ya manjano, mbili;
nyekundu, shuka.
Nilikaa kiti cha mbele, saa mapajani,
nikiwakatiza maneno walionifundisha kusoma.

Thesaloniki, Februari, ukumbi wa ghorofa ya pili.
Mabomba ya joto yanagonga ukutani
kama mtu aliyefungiwa ndani.
Siku ya tatu, kipindi cha mwisho kabla ya mabasi:
wasikilizaji tisa,
wawili wameshaweka mabegi miguuni.

Asubuhi walikuwa wamebishana juu ya nukta moja,
kama ni nukta au ni kinyesi cha nzi,
na profesa wa Vienna akaondoka bila kunywa kahawa.
Msicheke. Juu ya nukta ile
limesimama jina zima la askofu.

Kisha akapanda Polixeni Karatza,
miwani moja machoni, nyingine nyweleni,
miaka kumi na mmoja juu ya kitabu kimoja cha sala.
Chini ya sala alitafuta hotuba iliyopotea,
ile tunayoijua kwa kutajwa tu,
kama ndugu aliyehama kabla hatujazaliwa.

Ngozi ilikuwa ghali, alisema.
Mbuzi mzima, kurasa chache.
Basi watawa walikwangua ya zamani wakaandika mapya.
Lakini wino ule una kinyongo:
ukwangue, utazama ndani ya ngozi
ungoje.

Akazima taa.
Chini ya mwanga wa urujuani herufi zikapanda,
za kahawia, kichwa chini miguu juu,
zikikatiza sala
kama nyayo za mbuzi aliyepita madhabahuni.

Si hotuba. Si mtakatifu.
Daftari la ghala.

*Kale, binti wa mfinyanzi, shayiri, pishi mbili.*
*Theofilakto kiwete, mafuta, kibaba.*
*Mjane wa darajani, chumvi.*
*Kale tena. Pishi mbili.*

Kale: kwetu jina hilo maana yake mzuri.
Polixeni alilitamka polepole,
kama anayeita mtu nyumba ya jirani
asiye na hakika kama yupo.

Niliinua ya kijani. Hakuiona.
Niliinua ya manjano. Akachukua hitimisho lake, kurasa sita,
akaliweka kando kama miiba ya samaki.

Dawa ya deni kulipa, husema watu.
Mtawa huyu alikuwa na dawa nyingine:
kisu, na jiwe la kusugulia.
Akasugua mpaka ghala likawa jeupe,
na juu ya njaa ya binti wa mfinyanzi
akaandika, kwa mwandiko mzuri ajabu,
sala ya kuomba kusamehewa.

Maswali.
Mzee mmoja: mwandiko ni wa karne ya kumi au ya kumi na moja?
Mwingine hakuwa na swali hasa, ila maoni,
na maoni yalichukua dakika nne
na yote yalihusu kitabu chake.

Ndipo Sultana, aliyekuja kukusanya vikombe,
akasimama mlangoni, trei kiunoni:
«Na yule binti, alilipa?»

Mabomba yakagonga.
Polixeni alivua miwani ya machoni,
akavaa ya nyweleni,
akamtazama Sultana, si sisi.
«Ukurasa unaofuata haupo.
Panya, au moto, au fundi wa majalada.»

«Pishi mbili,» akasema Sultana. «Si nyingi.»
«Mara mbili,» akasema Polixeni. «Ni nne.»
«Hata nne.»

Chini, basi likapiga honi.
Hakuna aliyenyanyuka.
Kisha wote wakanyanyuka.

Kadi nyekundu sikuiinua. Ninayo bado,
imo ndani ya kamusi, kwenye neno la shayiri.
Nyuma yake niliandika jina na kiasi
kwa kalamu ya bure waliyotugawia mlangoni,
wino mwepesi, wa buluu,
usio na kinyongo.