Koleo Moja

Kwanza Tsiala aliwaweka Tbilisi,
ghorofa ya saba: ndugu akinuna
anashuka zake kwa lifti.
Miaka kumi Bezhani na Otia hawajasemezana.
Kila ukurasa ilimbidi awasukume,
haya, taja urithi, taja kaburi la mama.
Wakataja. Maneno yakadoda.

Kwa hasira akawahamishia milimani Svaneti,
kwenye mnara wa mawe wa babu yao,
akawashushia theluji usiku kucha
mpaka ikaziba mlango.
Kuni ziko nje. Ng'ombe analia zizini.
Koleo ni moja,
mpini wake umefungwa waya, kazi ya marehemu baba.

Akaiweka kalamu, akamimina chai, akawatazama.

Otia alichimba hadi viganja vikachubuka.
Bezhani akanyoosha mkono, uso kando.
Koleo likapita.

Juu ya daftari, tangu Machi, kwa wino mwekundu,
lilikuwapo neno: msamaha,
limepigiwa mistari miwili.
Leo amelifuta.
Theluji inalisema vizuri zaidi,
iwapo haitayeyuka
kabla ya sura ya nne.