Ukigusa, Umecheza

Aliyenifundisha nilimzidi miaka ishirini na minne.
Opilo, mwembamba kama muwa wa kiangazi,
aliyeingia Kodiaga kabla ndevu hazijamwota.
Mimi niliingia na mvi zangu,
dereva wa trekta la miwa kutoka Chemelil,
na karatasi ya mahakama
yenye maneno mengi na neno moja: kunyongwa.

Weupe aliwachonga kwa sabuni.
Weusi aliwafinyanga kwa ugali wa juzi na masizi ya jikoni,
na usiku wa pili panya wakamla malkia.
"Basi," akasema, "leo tutacheza bila mama."
Nikacheka. Mwaka mzima nilikuwa sijacheka.

Saa kumi, baada ya hesabu,
makufuli yakishalia
na harufu ya molasi ikitambaa kutoka kiwandani Kibos,
tulikaa chini na sare zetu za milia,
kunguru wawili
juu ya kipande cha blanketi chenye miraba sitini na minne.

Kanuni ya kwanza hakunieleza. Alinikamata nayo.
Niligusa farasi, nikaona hatari, nikamrudisha.
Akanishika kifundo.
"Ukigusa, umecheza."
"Nimeghairi."
"Mkono haughairi, baba."

Nikaenda kulala nikiutazama ukuta.
Maana mkono huu ulikuwa umewahi kugusa kitu kingine,
usiku mmoja, Awasi, dukani kwa mtu
ambaye wakili alinionya nisimtaje.
Zablon.
Aliuza mafuta ya taa na sukari ya kupima.
Nililitaja jina lake siku ya nne, nikisogeza ngome.
Opilo hakuniambia pole, hakuniambia Mungu anasamehe.
Alingoja nimalize kulia.
Kisha: "Zamu yangu."

Nilimuuliza mbona mfalme haliwi.
Kila kete huliwa, yeye huzungukwa tu,
akikosa pa kukanyaga mchezo umekwisha,
na bado amesimama.
"Sijui," akasema, "muulize aliyeutunga."
Lakini usiku ule niliwaza juu ya kile chumba
ambacho wanasema kina buibui na mafagio makuukuu,
na kamba ambayo haijapata shingo
tangu nikiwa darasa la tano.

Askari, wa ubaoni, si yule mwenye funguo,
harudi nyuma.
Huenda mbele, pole, na akifika ukingoni
hugeuka atakacho.
Hilo nililipenda kupita kiasi. Opilo akanikemea:
"Wengi hawafiki. Usimwombee. Mlinde."

Aprili, mvua ikipiga mabati mpaka hatusikiani,
faili yake iliitwa tena mjini.
Wakapunguza, wakahesabu miaka, wakaona imetosha.
Aliondoka na viatu vya kuazima,
kimoja kikubwa kuliko kingine.
Mchezo wetu ulikuwa katikati.
"Ni zamu yako," akasema mlangoni. "Usiharakishe."
Nami sijaharakisha.
Nimebeba ule ubao kichwani miezi saba,
kila kete mahali pake,
na nikipata stempu nitamwandikia hatua yangu.

Sasa kuna mgeni, Masakhwe, wa Butere.
Halali. Funguo zikilia hukaa kitako
na kuuliza kama ndio wao.
Juzi nilimtia kipande cha sabuni kiganjani,
nikamwambia, chonga.
Akachonga farasi aliyefanana na mbuzi.
Tunamwita Mbuzi. Anaruka vizuri tu.

Leo, hesabu ikiwa imekwisha na molasi imeanza kunuka,
aliinua mkono juu ya Mbuzi wake.
Ukaelea. Ukatetemeka.
Ule mkono, sijamuuliza ulifanya nini huko nyuma.
Nilibana ulimi kwa meno nisiseme neno.
Ukarudi, taratibu, ukatua pajani
bila kugusa.

Akatazama ubao upya.